Kupima presha nyumba kwa nyumba: mkono kwanza, kisha kifundo cha mguu

Karibu. Video hii ni ya wanaopima presha kwa ajili ya utafiti mitaani hapa Bagamoyo. Mara nyingi kinachoharibu takwimu si mashine. Ni kiti, mkanda wa mashine unaofungwa mkononi, na haraka.

Kiti kwanza. Barazani utakaribishwa mkeka au kigoda, nawe pokea, ndiyo adabu. Ila mshiriki mtafutie kiti chenye egemeo. Nyayo zikanyage chini, miguu isipishane. Kama ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, subiri nusu saa. Aende haja ndogo kabla. Halafu dakika 5 za kimya, kimya kweli. Salamu zetu ni ndefu, kwa hiyo malizeni habari za watoto na bei ya samaki ndipo uanze kuhesabu. Maongezi peke yake yanaweza kupandisha presha kwa milimita 10 za zebaki, ndicho kizio cha presha.

Sasa chukua futikamba ya fundi cherehani, zungusha katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 22 hadi 26, mkanda mdogo. 27 hadi 34, wa kawaida. 35 hadi 44, mkubwa. Mvuvi aliyejazia misuli kwa kuvuta nyavu anaweza kuhitaji mkubwa ingawa si mnene; ukimfunga mdogo, utampa presha asiyo nayo. Mkono wa baibui usiukunje hadi begani, ule mkunjo nao unabana. Mama aingie ndani, atoe mkono kwenye nguo, apimwe na mwanamke mwenzake.

Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Mkono ulale mezani, mkanda usawa wa moyo. Ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, kipimo kinazidi kwa milimita 7 hadi 8.

Tazama hapa, maana wengi huiruka hatua hii. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, pampu mpaka yapotee, kumbuka namba, achia hewa yote. Subiri nusu dakika. Weka stetoskopu, pampu hadi 30 juu ya namba ile. Kwa baadhi ya watu sauti ya mapigo hukatika njiani kisha ikarudi. Ukianza kusikiliza chini ya pengo hilo, mwenye 190 utamwandika 150.

Achia hewa milimita 2 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ni presha ya juu. Zinapotoweka kabisa ni ya chini. Mistari ya kipimo cha mshale inakwenda mbilimbili, kwa hiyo fomu yenye 135 inamsaliti aliyeijaza. Yenye 120, 130 na 140 tupu pia. Pima mara 3, ukipumzika dakika 1 kila baada ya kipimo, kisha tafuta wastani wa vipimo viwili vya mwisho.

Tuhamie miguu, tuone kama mishipa yake imeziba. Alale chali dakika 10. Hata wanaopima presha ya panya wa maabara mkiani huupasha mkia joto kwanza, kwani baridi husinyaza mishipa na mapigo hayasomeki. Basi feni ikimpuliza, mfunike miguu kwa kanga.

Funga mkanda juu kidogo ya kifundo. Paka jeli, inamisha Dopla, kile kifaa kinachokusikilizisha mvumo wa damu mshipani, nyuzi 45 hadi 60, nyuma ya kifundo cha ndani, kisha juu ya unyayo. Usikandamize, utaufunga mshipa. Pampu mpaka mvumo ukatike, ongeza 20, achia polepole, unaporudi, soma. Rudia kwenye mikono yote miwili kwa Dopla hiyohiyo.

Kwa kila mguu, chukua namba kubwa ya kifundo, gawa kwa kubwa ya mkono. 112 kwa 140 ni 0.80. Kuanzia 0.90 kushuka, shuku mshipa wa mguu umeziba kiasi. Ikizidi 1.40, usishangilie: mishipa imekakamaa hata mkanda umeshindwa kuibana, jambo linaloonekana kwa wenye kisukari cha miaka mingi. Iandike kama ilivyo, na umpe mshiriki barua ya rufaa.