Kupima dawa ya maumivu ya kupuliza puani baada ya upasuaji wa chini ya tumbo

Wenzangu, mgonjwa aliyetoka kuondolewa kizazi au kurekebishwa ngiri mara nyingi anatapika, kidonge hakikai tumboni. Pua inatupa njia nyingine: utando wake una mishipa mingi ya damu, na dawa ikipenya pale haianzii kwenye ini kama kidonge.

Tuchukue ketorolaki, dawa ya kutuliza maumivu iliyoidhinishwa Marekani kwa njia hii mwaka 2010. Mpulizo mmoja ni mikrolita 100 zenye miligramu 15.75. Mtu mzima hupuliziwa mara moja kila tundu, yaani miligramu 31.5, kila baada ya saa 6 hadi 8, dozi zisizidi 4 kwa siku wala matumizi kuzidi siku 5. Mwenye miaka 65 na kuendelea, au aliye chini ya kilo 50, hupewa tundu moja tu. Aliyepungukiwa maji, mwenye vidonda vya tumbo au anayevuja damu msimwingize kwenye jaribio.

Upulizaji wenyewe huharibika kirahisi. Chupa mpya ibonyezwe mara 5 hewani kwanza. Mgonjwa apenge taratibu, kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, kidevu kiiname kidogo. Ncha ya chupa ielekee mbali na ukuta wa katikati ya pua. Akiinua uso juu na kuvuta kwa nguvu, dawa inateremka kooni, na hapo mmepima dawa ya kumeza!

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ketorolaki inawasha pua. Dawa bandia ya maji ya chumvi, wanayopewa wa kundi la kulinganishia, haiwashi. Mgonjwa machozi yakimtoka, ameshajua kapewa ipi, na nesi anayemtazama naye kajua. Kwa hiyo anayepuliza asiwe anayeuliza maumivu. Mwisho wa jaribio kila mgonjwa aulizwe anadhani alipewa ipi. Wengi wakipatia, matokeo yasomwe kwa tahadhari.

Msianze kupima mgonjwa akiwa bado na ganzi ya mgongoni. Subirini maumivu yafike angalau milimita 40 kwenye mstari wa milimita 100 ambao mgonjwa anautia alama kuonyesha maumivu yake, ndipo mpulize. Kwenye damu dawa hufikia kilele karibu dakika ya 45, basi pimeni dakika ya 20, ya 40, ya 60, kisha kila saa hadi ya 6. Pimeni akiwa ametulia, halafu akikohoa huku kakandamiza kidonda kwa mto. Mimi namba ya kikohozi ndiyo naiamini, kwa sababu akilala tuli hata dawa dhaifu huonekana nzuri.

Kila mgonjwa, wa kundi lolote, awe na pampu ya mofini anayoibonyeza mwenyewe. Kumnyima ni ukatili. Lakini alama za makundi mawili zinaweza kulingana kwa kuwa tu kundi moja limebonyeza zaidi. Andikeni miligramu za mofini pembeni ya kila alama ya maumivu, na muda wa kubonyeza mara ya kwanza.