Kabla Hujashusha Hedi: Carina ya Dada Inachemsha Mtwara

Shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi. Wana Kusini mlioko Mtwara, Lindi, Masasi, na nyie mliohamia Dar mkajifanya hamjui ming'oko, karibuni tena.

Leo barafu siwaonyeshi. Mlioomba niwaonyeshe barafu ya huku Leeds, Uingereza, ninakoishi, mtanisamehe. Nina habari ya gari, tena halipo hapa, liko Shangani, Mtwara, uani kwa dada yangu. Toyota Carina Ti, injini 5A, cc 1500, na umri wake mnaujua, hizi gari zimeacha kutengenezwa tangu 2001.

Linachemsha. Dada akilitoa mjini kwenda Mikindani, mshale wa joto unatulia katikati kama kawaida. Akirudi, akaingia sokoni, akasimama anasubiri mtu na injini inaunguruma, mshale unapanda. Akizima na kusubiri, unashuka. Kesho tena.

Mpaka nasikia habari hizi, mafundi walishapita. Mmoja alibadilisha pampu ya maji. Mwingine aling'oa termostati, kile kimlango kinachofungua njia ya maji injini ikipata joto, akaitupa, akamwambia dada kwamba huku joto, hicho kidude ni cha Wazungu wenye baridi. Wa mwisho akatoa hukumu: gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu, imekufa, hedi ishuke. Hapo ndipo simu yangu ilipoita.

Sasa ngojeni niseme kitu kabla ya spana. Watu mnadhani huku tunajitengenezea magari kwa sababu tunajua sana. Huku saa moja ya fundi inaweza kuzidi bei ya spea yenyewe, kwa hiyo mtu analala chini ya gari lake kwa lazima. Kwetu ni kinyume, mkono wa fundi ni rahisi, spea ndiyo inauma. Ndiyo maana mnaniuliza, kaka, kwa nini nichafue mikono wakati fundi yupo hapo nje?

Kwa sababu ya kutafuta. Fundi wa kwetu halipwi kwa kutafuta tatizo, analipwa kwa kufungua na kufunga. Akikaa saa mbili anakagua, akakuta waya umeoza, utampa nini? Elfu tano na maneno juu. Akibadilisha pampu, anapata ujira wake na labda kidogo kwenye spea. Simlaumu, bei hiyo tumeipanga sisi wateja. Lakini ukishajua hivyo, kazi ya kutafuta ifanye mwenyewe, kufungua umwachie yeye ukitaka.

Na kutafuta kunaanza na swali ambalo hakuna aliyemuuliza dada: linachemsha wakati gani?

Likichemsha ukiwa mwendo wa kasi barabara ya Lindi, shuku maji hayazunguki vizuri, rejeta (kipozea maji cha mbele) imeziba ndani au pampu haisukumi. Likichemsha umesimama tu, na ukikimbia linapoa, basi upepo ndio tatizo. Kwenye mwendo upepo unaingia wenyewe mbele. Ukisimama, anayeleta upepo ni feni peke yake. Carina ya dada ilishajibu swali kabla sijamaliza kuuliza.

Gasketi nayo tuliikagua, maana neno likishatajwa linakaa kichwani. Dada akachomoa kijiti cha oili asubuhi injini ikiwa baridi, oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yaani haikuchanganyika na maji. Maji hayakuwa yakipungua bila sababu. Akafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado ya baridi, akawasha, hakuna mapovu yanayotoka mfululizo. Na narudia kwa wadogo zangu: baridi! Kifuniko kikiwa cha moto hakifunguliwi, maji yaliyobanwa mle yanaweza kuwa na joto kupita nyuzi 100 na yataruka usoni.

Tukaingia kwenye feni. Simu ameiegemeza kwenye boneti, kamera inaonyesha mwembe zaidi kuliko injini, lakini tukaelewana. Kwenye Toyota hizi za miaka ya 1990 zenye injini za familia ya A, kama hii 5A, ukichomoa soketi ya swichi ya feni ukaweka funguo kwenye "on" bila kuwasha injini, feni inatakiwa izunguke. Ilizunguka. Dada akafurahi, mimi sikufurahi, kwa sababu niliisikia: inazunguka kivivu.

Nikamwambia achukue waya wa kuchajishia gari kwa gari, upande mmoja abane kwenye hasi ya betri, upande wa pili aguse kwenye waya mweusi wa feni pale unapofungwa kwenye bodi. Akagusa. Feni ikalia vuuu, dada akarudi nyuma.

Basi. Ugonjwa ulikuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Bolti inayoshika ule waya kwenye bodi ilikuwa imejaa kutu, na kichwa cha waya kimeota ukijani. Shangani ni pwani jamani, upepo wa chumvi unaingia mpaka kwenye kabati la nguo, itakuwa bolti ya chuma! Huku kwangu wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na magari yanaoza kwa chini vilevile. Kazi ikawa msasa, kusugua mpaka chuma king'ae, kufunga, kupaka grisi juu. Akafanya hivyohivyo kwenye vichwa vya betri.

Feni sasa inavuma. Ila hatujamaliza, kwa sababu ya ile termostati iliyotupwa, na hapa nina ugomvi na nusu ya magereji ya Tanzania.

Termostati si ya baridi ya Ulaya. Ile ya Toyota nyingi za namna hii imeandikwa 82, maana yake inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Ikiwa haipo, maji yanapita muda wote na injini inachelewa kupata joto lake. Sensa inaiambia kompyuta ya injini kwamba bado kuna baridi, kompyuta inaongeza petroli. Dada alikuwa analalamika mafuta yamepanda, akidhani ni bei ya sheli! Tena kuna injini ambazo termostati inaziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Umetoa kitu ili lisichemshe, ukalisaidia kuchemsha.

Kabla ya kufunga mpya, ijaribu jikoni. Sufuria, maji, ininginize kwa uzi isiguse chini. Maji kabla hayajachemka lazima uione imefunguka. Isipofunguka, rudisha dukani. Kuipata ilipo, fuata hozi ya chini ya rejeta mpaka inapoingia kwenye injini. Kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu, hewa itokee hapo.

Maji ya rejeta tuliyomwaga wakati wa kufunga termostati mpya yalitoka mekundu. Maji ya kisima cha pwani, mwaka baada ya mwaka, yanakula rejeta kwa ndani. Weka kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, au nunua iliyochanganywa tayari. Na kifuniko cha rejeta kikiwa raba yake imekatika, nunua kingine chenye namba ileile ya mgandamizo, mara nyingi 0.9. Ule mgandamizo ndio unaofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Ni kitu kidogo na watu wanafunga chochote kinachoingia.

Kutoa hewa kwenye njia za maji sasa. Kifuniko wazi toka injini ikiwa baridi, washa, na hita weka moto wa mwisho ili maji yapite kote. Hita, Mtwara, saa sita mchana! Dada alinitukana kwa Kimakonde, sehemu hiyo nimeikata. Minyaminya hozi ya juu, ongeza kulanti kadiri inavyoshuka, mapovu yakiisha funga.

Wenye Hilux na Land Cruiser za dizeli za zamani, jaribio la soketi haliwahusu, feni zenu zinazungushwa na injini yenyewe. Nyie kagueni mkanda, na ile klachi ya feni, inayoiunganisha feni na injini: injini ikiwa imezimwa na ni ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa bila kukaza, klachi imekwisha. Wenye Noah za zamani andikeni hapo chini, injini mmeikalia, nitawatengenezea video yenu.