Zamu ya 17: Bengals wachague kazi iliyoonekana, wasichague mwili

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Karibuni tena jikoni kwangu hapa Cincinnati, Ohio. Leo ni Jumatatu, Aprili 21, 2025. Nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, watoto wamekwenda shule, chai hii hapa, nami nilipaswa kuwa kitandani. Lakini Alhamisi ni drafti, na kuna neno linanikaa kooni.

Najua mjomba wangu pale Tanga ataniuliza, kwa hiyo nianze naye. Mjomba, siyo drafti ile ya kijiweni, ya ubao na vizibo vya soda. Hii ndiyo njia timu za mpira wa Kimarekani zinavyopata vijana kutoka vyuoni. Timu ziko 32, mizunguko 7. Aliyefanya vibaya zaidi msimu uliopita anachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho. Kijana hachagui timu. Anaitwa jina, anavaa kofia ya waliomchukua, basi, ameshakuwa wao. Hakuna Simba na Yanga kupandiana dau usiku wa manane. Mwaka huu inafanyika Green Bay, na timu yangu Bengals wana zamu ya 17. Kwa jumla Bengals watachagua mara sita tu: 17, 49, 81, 119, 153 na 193.

Mara sita. Na mashimo waliyonayo ni zaidi ya sita.

Tuanze na pesa, kwa sababu bila pesa hamtaelewa kwa nini nina wasiwasi. Ligi hii ina kikomo cha mishahara. Mwaka huu kila timu imewekewa dola milioni 279.2, na ndani ya hizo unalipa wachezaji 53. Sasa sikilizeni. Joe Burrow, kwotabeki wetu, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alisaini 2023 miaka mitano kwa milioni 275. Mwezi uliopita Ja'Marr Chase amesaini minne kwa milioni 161, na Tee Higgins minne kwa milioni 115. Mahesabu ya mwaka kwa mwaka yana ujanja wake, lakini ukigawa kwa wastani, watu watatu wanakula kama milioni 124. Wote watatu ni wa kushambulia. Silalamiki hata kidogo, hao ndio roho ya timu. Ila maana yake ni kwamba difensi lazima ijengwe na vijana wa drafti, kwa sababu mshahara wa kijana wa drafti umepangwa kulingana na namba ya zamu yake, ni nafuu, na anao mkataba wa miaka minne. Ukikosea kijana, huna pesa ya kwenda sokoni kununua mwingine.

Na wamekosea. Nasema kwa uchungu, siyo kwa kuwasema.

Msimu uliopita Burrow alirusha yadi 4,918 na tachidauni 43 (tachidauni ni kufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa wapinzani). Chase akaongoza ligi nzima kwa kila kitu ambacho mpokeaji anaweza kuongoza: mipira 127, yadi 1,708, tachidauni 17. Mtu ukimwambia namba hizo atadhani tulichukua ubingwa. Tulimaliza 9 kwa 8, yaani tulishinda 9 na kupoteza 8, tukakaa nyumbani. Washington walitufunga 38 kwa 33. Ravens wakatufunga 41 kwa 38. Steelers 44 kwa 38. Na ile ya Novemba 7 kule Baltimore sitaisahau: Chase peke yake yadi 264 na tachidauni 3, usiku mmoja, na tukapoteza 35 kwa 34. Mechi nne tulizofunga pointi 33 na kuendelea, tukatoka mikono mitupu. Tungeshinda moja tu kati ya hizo tungekuwa sawa na Denver Broncos waliochukua kiti cha mwisho cha mtoano, na Denver hao hao tuliwafunga Desemba.

Kwa hiyo hapo sina ubishi na mtu. Zamu ya 17 ni ya difensi. Kocha wa difensi ameshafukuzwa, ameletwa Al Golden kutoka Notre Dame. Sam Hubbard, mtoto wa hapa hapa mjini, aliyeokota mpira mbele ya mstari wetu akakimbia nao yadi 98 dhidi ya Ravens Januari 2023, amestaafu mwezi uliopita. Trey Hendrickson ndiye aliyewaangusha makwotabeki kabla hawajarusha mpira mara nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi msimu uliopita, mara 17 na nusu (nusu ni pale mnapomwangusha wawili). Hiyo ni karibu nusu ya kazi yote ya timu nzima. Naye ana miaka 30, amebakiza mwaka mmoja, anataka mkataba mpya, na klabu imeshamruhusu atafute kwingine.

Ubishi wangu uko pengine. Ni nani.

Kazini kwetu, ghala moja ng'ambo ya mto upande wa Kentucky, ninapakia mizigo na kaka mmoja wa Uvira, Kongo. Mtu wangu wa karibu sana, tumeshika mikesha pamoja miaka minne, na jezi yake ya machungwa na nyeusi anaivaa mpaka kanisani. Jana usiku tulibishana kutoka saa nne mpaka mapumziko ya saa nane. Yeye anamtaka Shemar Stewart wa Texas A&M. Na nimwelewe: Stewart ana mita 1.96, kilo kama 121, na kwenye vipimo vya Februari alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.59. Kilo 121, jamani! Akaruka juu inchi 40. Ukimtazama amesimama tu, unasema huyu ameumbwa kwa kazi hii. Kaka yangu ananiambia, "Weye unapenda namba tu. Mutoto akikuwa na nguvu, mwalimu atamufundisha."

Nikamuuliza swali moja: miaka mitatu chuoni, amemwangusha kwotabeki mara ngapi? Mara nne na nusu. Siyo kwa mwaka. Kwa miaka yote mitatu.

Hapo ndipo ninaposhikilia. Nisubirini nishushe kamera mezani.

Hivi vizibo vitano, vilivyojipanga mstari, ni walinzi. Hiki cha nyuma yao ni Burrow, au kwotabeki yeyote. Hiki cha pembeni kabisa, cha rangi nyekundu, ndiye mwindaji. Mimi huyu humwita mwindaji kwa sababu kazi yake ni moja, kumfikia yule wa nyuma. Mpira ukitoka, hesabuni nami: moja, mbili, tatu. Ukifika tatu mpira umesharushwa, umechelewa. Sasa mlinzi huyu wa pembeni ana kilo 140 na zaidi, anarudi nyuma huku amenyoosha mikono akutafute kifua. Ukimwendea moja kwa moja kwa nguvu, atakupokea tu. Mwenye kazi anafanya hivi: hatua ya kwanza ndefu, kwa nje. Mlinzi anafungua nyonga kumfuata. Hapo hapo mkono wa mwindaji unapiga kiwiko cha mlinzi kwenda juu, bega linashuka chini ya kwapa lake, mwili unalala kama pikipiki inayokata kona, na kizibo chekundu kinazunguka, kinafika hapa. Moja, mbili, mbili na nusu. Kwotabeki chini.

Kilichotokea hapo hakipimwi kwa kukimbia yadi 40 uwanjani peke yako, huna mtu mbele. Ni mkono kujua kiwiko kiko wapi bila kukitazama. Kijana aliye nacho kipaji hicho utakiona kwenye mechi zake, kila wiki, dhidi ya watu waliojiandaa kumzuia. Na asiyekuwa nacho, akiwa na miaka 21, unaweza kumfundisha, ndiyo, sikatai. Lakini unamfundisha kwa muda gani? Burrow ana miaka 28. Ameshapasuliwa goti, ameshapasuliwa kifundo cha mkono. Hatuna muda wa kusubiri mtu akue.

Na hili si la kufikirika. 2023 zamu ya 28 tulimchukua Myles Murphy wa Clemson. Mwili, kasi, kila mtu alishangilia, nami nilishangilia. Mwaka wa kwanza aliangusha mara 3. Mwaka jana, sifuri. Ni kijana anayejituma, namwombea msimu mwema. Lakini tazama Hendrickson alikotoka: chuo kidogo, Florida Atlantic, mzunguko wa tatu, zamu ya 103. Sisi tulimchukua 2021 alipotoka timu ya Saints, akiwa ameangusha mara 13 na nusu msimu uliotangulia. Watu walisema ni bahati, hatarudia. Alikuwa ameonyesha kazi, na kazi imeendelea.

Mimi nilikuwa namtazama Coastal pale Mkwakwani, na mnajua wenyewe habari ya straika mrefu anayeshuka uwanja wa ndege, skafu shingoni, mashabiki wanapiga ngoma, kila mtu anasema mwili huo mabeki watakoma. Mwezi wa tatu unauliza amefunga mangapi, watu wanaanza kutazama chini.

Ninayemtaka ni Donovan Ezeiruaku wa Boston College. Jina la Kiigbo hilo, mashabiki hapa bado wanajifunza kulitamka. Siyo mrefu sana, mita 1.88, kilo kama 112. Msimu uliopita ameangusha mara 16 na nusu, na chuoni kwa jumla mara 30. Amepewa tuzo ya Ted Hendricks ya mwindaji bora wa vyuo. Itazame mikono yake, ni ile ile niliyowaonyesha kwa kizibo. Watu wanasema mwepesi, watampitia wakikimbia na mpira upande wake. Huenda, kwenye mechi mbili tatu. Lakini difensi iliyofungwa 44, 41, 38 haikufungwa kwa sababu ya kilo tisa.

Kaka wa Uvira akaniuliza swali zuri, nalo nalileta hapa kwa sababu linanihusu. Akasema: wewe 2021 hukutaka Chase, sasa leo tukusikilize kwa lipi?

Ni kweli. Novemba 22, 2020, Burrow akiwa mwaka wake wa kwanza, goti la kushoto lilikatika kule Washington. Nilikuwa sebuleni, niliona mguu unavyopinda, nikazima televisheni. Kwa hiyo Aprili iliyofuata, tukiwa na zamu ya 5, nilimtaka mlinzi, Penei Sewell wa Oregon. Jiji zima liligawanyika. Wapishi, madereva wa mabasi, wauguzi, kila mtu alikuwa Sewell au Chase. Timu ikamchukua Chase. Nilinuna wiki nzima. Msimu huo huo Chase akapata yadi 1,455, tukafika Super Bowl, fainali ya ligi. Nilikosea, na nilimwambia kila niliyebishana naye.

Lakini wote wawili walikuwa wameshaonyesha kazi. Chase akiwa chuo cha LSU 2019 alipata yadi 1,780 na tachidauni 20 akipokea mipira ya Burrow huyu huyu. Sewell mwaka huo huo alichukua tuzo ya Outland, ya mchezaji bora wa mstari wa mbele vyuoni. Leo Sewell ni mmoja wa walinzi bora duniani, yuko Detroit. Ungemchukua yeyote usingejuta. Jeraha letu la 2021 lilikuwa baada ya hapo. Mzunguko wa pili tukamchukua mlinzi, Jackson Carman, hakushika namba ya kudumu, na hatukuwa na mwingine. Kwenye mtoano Tennessee walimwangusha Burrow mara 9 na bado akashinda. Kwenye Super Bowl Rams wakamwangusha mara 7, tukapoteza 23 kwa 20. Watu wanasema "mngemchukua Sewell". Sewell ni mtu mmoja, na walinzi ni watano.

Ndiyo maana wale wanaosema zamu ya 17 wamchukue gadi, mlinzi wa ndani, Tyler Booker wa Alabama akiwa bado yupo, siwadharau hata kidogo. Alex Cappa ameachwa, gadi zote mbili zinatia shaka, na mimi ndiye niliyezima televisheni ile siku. Ila magadi wazuri hupatikana zamu ya 49, hata ya 81. Mwindaji aliyeangusha mara 16 na nusu hakai mpaka zamu ya 49. Basi 17 mwindaji, 49 mkabaji wa katikati, anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa difensi, kwa sababu Germaine Pratt ameomba kuondoka, 81 gadi. Na Hendrickson alipwe. Huwezi kumwambia kijana afunzwe na bingwa halafu bingwa mwenyewe umemfungulia mlango.

Kama Ezeiruaku ameshachukuliwa? Basi Jihaad Campbell wa Alabama, mkabaji wa katikati, nikae kimya. Wakimchukua Stewart nitamshangilia kama mwanangu, jezi ni ile ile. Lakini nitakuwa natazama mikono.

Nimebadilishana zamu na mwenzangu, Alhamisi sitakwenda kazini. Kaka wa Uvira anakuja hapa na familia, mke wake analeta sombe, mimi napika wali wa nazi. Inaanza saa mbili usiku kwetu, kwenu ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Mzunguko huu wa kwanza kila timu ina dakika 10, wengi hawazimalizi, kwa hiyo zamu ya 17 itafika kama saa kumi na moja hivi. Mjomba, wewe unakuwa umeshaamka kwa swala. Ukitoka msikitini nipigie, nitakuwa macho.