Baba na Mama Yake Walitoka Wapi?

Ndugu zangu, leo nazungumzia mijusi, kobe na vinyonga wanaokamatwa porini na kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Muda ni mfupi, na vinyonga pengine sitawafikia. Naanzia msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, hapa kwetu Tanzania.

Msitu ule una hekta 400 hivi. Ndani yake kuna mikadi, miti yenye majani marefu ya miiba, na kwenye mikadi anaishi mjusi asiyezidi urefu wa kidole cha kati; wataalamu humwita Lygodactylus williamsi. Dume ni la buluu kali, koo jeusi, tumbo rangi ya chungwa. Jike ni la kijanikijani, humwoni mpaka atikisike. Ukiacha Kimboza na vipande vichache vya misitu jirani, hayupo kwingine duniani.

Mjusi huyu hujificha kwenye makwapa ya majani, pale yanapoota, kule juu, na majani yenyewe yana miiba. Mkamataji hapandi. Anaukata mkadi. Niliwahi kuinama juu ya mkadi mmoja uliolazwa chini, kisiki bado kibichi. Nilipofunua jani nikakuta mayai mawili yamegandamana, meupe, kila moja kama punje ya mbaazi. Wazazi walishaingia mfukoni mwa mtu. Mkadi wa kimo kile unachukua miaka kukua. Kwa hiyo msinihesabie mijusi peke yake, nihesabieni na nyumba zao!

Na mijusi yenyewe? Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya 32,000. Kibali cha kumsafirisha mjusi huyu nchi yetu haikuwahi kukitoa. Aliondoka kwa majina ya ndugu zake: kwenye karatasi aliandikwa kama mjusi wa aina nyingine ya jamaa yake.

Kila ninapolisema hili kuna anayeinua mkono: "Mwalimu, si Wazungu wanamzalisha wenyewe siku hizi?" Wanamzalisha, tena vizuri, na mimi siwapingi. Anayetaka kufuga mjusi, afuge aliyezaliwa mikononi mwa mfugaji. Lakini kumlea mtoto wa mjusi mpaka auzike ni kazi ya miezi: taa, joto, wadudu wadogo kila siku. Wa msituni anahitaji panga tu. Wakikaa kwenye tangi moja la kioo dukani, mnunuzi atawatofautishaje? Neno "amezalishwa" anaandika muuzaji. Ndiyo maana nang'ang'ania swali moja: baba na mama yake walitoka wapi, na karatasi zao ziko wapi?

Tangu 2017 mjusi huyu yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; biashara ya kimataifa ya wa msituni hairuhusiwi. Imechelewa, lakini imekuja.

Kobe chapati wa mawe, yule mwenye gamba bapa, nampitia haraka. Naye alipandishwa kwenye Kiambatisho hicho cha Kwanza mwaka 2019. Jike kwa kawaida hutaga yai moja kwa mkupuo. Basi mtu akikuletea shehena ya watoto mia na kusema wametoka bandani kwake, muulize ana majike mangapi, kisha uombe kuyaona.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali, tafadhali.