Mnaouliza Nasimamia Nini Kwenye Bustani za Umma, Njooni Mwone

Haya, habari zenu wote, na karibuni tena kwenye chaneli. Mniwie radhi kwa kelele za nyuma, hiyo ni mashine ya kukatia nyasi, na haizimwi eti kwa sababu mimi narekodi. Tangu niweke picha nimevaa kizibao cha njano, maoni hayaishi. Wadogo zangu mnaniita bosi. Wakubwa wangu mmeuliza kwa ustaarabu kama kweli nimevuka bahari kuja kufyeka nyasi. Mjomba, shikamoo, swali lako nimelisoma. Ndiyo, nyasi nimefyeka, tena sana. Ila siku hizi mimi ni msimamizi wa timu inayotunza bustani za umma, na kazi yangu kubwa ni kuwazuia watu wasifyeke, wasikate na wasimwagilie pale pasipohitaji. Mnaona kama natania, kwa hiyo twendeni tutembee kidogo na kamera.

Angalieni mti huu, hapa chini karibu na ardhi. Mnaona gome lilivyochubuka karibu pande zote? Hapo hakuna mdudu wala ugonjwa. Ni ile mashine ya kufyekea ya kubeba begani, inayokata kwa uzi wa plastiki. Mtu anafyeka majani yaliyoota shinani, uzi unagonga gome, anasogea mbele. Akirudi zamu nyingine, unagonga tena palepale. Na chini tu ya gome ndipo kinapopita chakula kinachotengenezwa na majani kwenda kwenye mizizi. Likichubuka duara zima, mizizi inakufa njaa polepole, na mti unaweza kuendelea na majani yake muda mrefu kabla haujaonyesha chochote. Siku ukikauka, watu wanalaumu ukame.

Kuna mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, aliyefanya kazi na idara ya misitu ya nchi ile. Yeye alipasua miti mingi mno kwa msumeno wa mashine ili aone kinachotokea ndani baada ya jeraha. Alichoonyesha ni kwamba mti haufufui sehemu iliyoharibika. Unaitenga kwa kuta za ndani, kisha unaendelea kuota mbao mpya kwa nje, na lile kovu linabaki humohumo maisha yake yote. Kwa hiyo kijana akikuambia "utapona tu, bosi," mwambie hauponi.

Sasa wewe msimamizi unafanyaje? Wengi hukimbilia kugomba. Unagomba leo, kesho kuna mfanyakazi mpya, unaanza upya. Mimi nimeona dawa ni kuondoa sababu ya mashine kufika shinani kabisa. Tunang'oa nyasi kuzunguka mti, tunatandaza matandazo ya vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 10, na tunaacha nafasi ili yasiguse shina. Hapo mwenye uzi wake hana cha kufuata. Na tafadhali, msirundike matandazo yakapanda shinani mpaka mti unaonekana umechomoza kwenye kichuguu. Nayaona hayo kila mahali, hata kwenye bustani zenye sifa. Gome likikaa kwenye unyevu muda wote linaoza, na mizizi inaanza kupanda juu kutafuta hewa.

Lakini kuna swali la ndani zaidi: yule kijana mwenye mashine ya uzi, aliyegonga gome, alikuwa na haraka ya nini? Nani alimpa haraka hiyo? Mara nyingi jibu ni sisi wasimamizi. Ukimpima mtu kwa ukubwa wa eneo alilomaliza kabla ya mapumziko, atakupa ukubwa wa eneo. Miti itakayokufa baada ya miaka mitatu haiko kwenye ripoti ya leo.

Hapa niwape kisa kidogo cha historia, kwa wale mnaodharau kazi hii. Frederick Law Olmsted, ambaye jina lake liko kwenye kila kitabu cha usanifu wa mandhari, mwaka 1857 aliajiriwa Central Park, New York, kama msimamizi wa vibarua waliokuwa wakisafisha eneo. Vibarua! Mwaka uliofuata ndipo yeye na Calvert Vaux wakashinda shindano la kuichora bustani yenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1850, alikuwa ametembelea Birkenhead Park kule Uingereza, bustani ya umma iliyochorwa na Joseph Paxton na kufunguliwa 1847, nayo ilimgusa sana. Mimi naamini kabisa kwamba kusimama na vibarua kwenye tope kulimfundisha mambo ambayo meza ya kuchorea isingemfundisha. Hayo ni maoni yangu, msiyanukuu kwenye mtihani.

Turudi kwenye kazi. Asubuhi kabla injini haijawashwa tunasimama pamoja, nagawa kazi. Watu wanadhani kugawa kazi ni kusema wewe hapa na wewe pale. Kazi yenyewe hasa ni mpangilio, kipi kitangulie kipi. Takataka zinaokotwa kwanza, siku zote, hata kama tumechelewa. Mashine ikipita juu ya kopo moja au gazeti moja, utaokota vipande mia. Halafu mimi napenda kingo na pembe zifyekwe kabla ya mashine kubwa, ili mabaki yaangukie kwenye nyasi na yasagwe inapopita. Wenzangu wengine hufanya kinyume, hatujawahi kukubaliana. Mashine za kelele hazianzi chini ya madirisha ya watu wanaolala. Na palipo na maji maji haingii mashine nzito hata kidogo, kwa sababu udongo uliolowa ukikandamizwa unabana matundu yanayopitisha hewa. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, nayo inatambaa mbali kupita matawi yanapoishia. Dereva wa mashine anadhani yuko mbali na mti kumbe yuko juu yake.

Nyasi zenyewe, kanuni ni moja: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkato mmoja. Jani ndilo linalolisha mzizi. Ukizinyoa hadi chini kwa sababu zimerefuka wakati mlikuwa likizo, mizizi inakuwa mifupi, jua likichomoza nyasi zinakuwa za kahawia na magugu yanapata nafasi. Zimerefuka? Kata kidogo, subiri siku kadhaa, kata tena. Na kisu kiwe kikali. Kisu butu kinachana jani badala ya kulikata, ncha zinageuka nyeupe, na ukitazama kwa mbali uwanja mzima unaonekana umepauka ingawa maji unayapata.

Shida kubwa inakuja kwenye mkataba. Kuna mikataba inayohesabu mara: nyasi zitakatwa mara kadhaa kwa msimu, kwa tarehe fulani. Kuna mingine inayotaja matokeo: nyasi ziwe kati ya urefu huu na huu. Ile ya kwanza ni rahisi kukagua ofisini, na ndiyo inayonitesa. Ukame ukiingia, nyasi zimesimama hazikui, mkataba unasema Jumanne ni siku ya kukata. Mnatoka na mashine kukata kitu kisichokua, mnatimua vumbi, mnachoma petroli. Nimejifunza kuandika, kupiga picha na kupeleka kwa mwenye mkataba mapema: hapa hatukati wiki hii kwa sababu hii, saa hizo tutazitumia kumwagilia miche iliyopandwa juzi. Wengi wanakubali wakipewa sababu na mbadala. Msimamizi asiyeweza kuandika barua fupi yenye akili, timu yake itafanya kazi za kipuuzi mwaka mzima.

Na hiyo miche ndiyo inayonikosesha usingizi. Siku ya kupanda mti kuna wakubwa, kuna kamera, kuna makofi. Wakati wa kuumwagilia hayupo hata mmoja. Mche wa bustani ya umma unahitaji kuangaliwa misimu ya kiangazi miwili mitatu ya kwanza, na maji yake yawe mengi kwa mara moja, yazame mpaka kwenye mizizi, badala ya kuurashia kila siku maji ya kulowesha vumbi. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kupanda miti mingi na kupanda michache yenye mtu wa kuihudumia, sifikirii mara mbili.

Sasa watu. Mashine za mtetemo zinaharibu mikono. Damu inakosa kufika vidoleni, vinakuwa vyeupe, vinakufa ganzi, na baridi inazidisha. Ikishakomaa hairudi nyuma vizuri. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2002 linaloweka kiwango cha mtetemo ambacho kikifikiwa mwajiri lazima achukue hatua, mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya kazi ya saa nane, na kikomo cha 5 kisichovukwa. Lugha ya kitaalamu, lakini kwangu mimi inamaanisha kitu kimoja: mtu hashiki mashine ya kufyekea kutwa nzima hata akiwa anaipenda na ndiye fundi kuliko wote. Tunapokezana. Aliyefyeka asubuhi, mchana anapogoa kwa mkasi au anasukuma toroli. Masikio nayo, kelele zikifika desibeli 85 agizo jingine la Ulaya linataka kinga ivaliwe, na mashine nyingi za petroli zinapita hapo bila jasho. Vijana wanavaa vipokea sauti vya muziki wanadhani ni kinga. Sio kinga, mdogo wangu, unaongeza kelele juu ya kelele.

Kuna na hatari ambazo kwa macho huzioni. Uzi unaofyeka unarusha kokoto, ndiyo maana mpita njia hatakiwi kuwa ndani ya mita 15, na akikaribia unaachia mafuta, unasubiri. Kwenye vichaka tunakuta mabomba ya sindano, kwa hiyo mkono hauingii mahali jicho halijaingia. Na kuna mmea mmoja mrefu kupita mtu, asili yake milima ya Caucasus, Heracleum mantegazzianum, uliletwa zamani kama pambo. Utomvu wake ukigusa ngozi na jua likapiga, unapata malengelenge kama uliyeungua. Ukiupitishia mashine, utomvu unakurukia usoni. Mgeni kwenye timu anaonyeshwa mmea huo kwa picha kabla hajakabidhiwa chochote.

Dawa za kuua magugu? Mnaniuliza sana. Glifoseti, ambayo ndiyo iliyozoeleka, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka mwaka 2015 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ingawa mamlaka nyingine zimefikia uamuzi tofauti. Ufaransa ikazuia halmashauri kutumia viuatilifu vya kemikali kwenye bustani za umma kuanzia 2017. Pasipo dawa unabaki na jembe, brashi, maji ya moto na mikono ya watu, yaani saa nyingi zaidi za kazi. Kwa hiyo inabidi uamue magugu gani yanavumilika. Nyufa za njia ya nyuma, mimi naziacha. Mlango mkuu, siachi hata jani.

Na wapita njia nao ni sehemu ya kazi. Ukiacha kipande bila kukata ili vipepeo na nyuki wapate maua, utaambiwa ninyi wavivu. Ujanja ni kukata ukanda mwembamba, nadhifu, kukizunguka kipande chote. Ghafla malalamiko yanapungua nusu, maana mtu anaona kimeachwa kwa makusudi. Na watu wakikatiza kwenye nyasi mpaka njia ikachongeka, mara nyingi wao ndio wako sahihi na mchoraji amekosea. Ukiweka kamba wataivuka. Weka changarawe, maliza ugomvi.

Dada mmoja ameuliza vichaka vya maua vipogolewe lini, maana alikata vyake na mwaka huo havikutoa hata ua moja. Dada, inategemea vinachanua kwenye matawi gani. Vinavyochanua mapema, kwenye matawi ya mwaka uliopita, pogoa mara tu maua yanapoisha. Ukingoja, utakuwa unakata machipukizi ya maua ya mwakani. Vinavyochanua baadaye kwenye matawi mapya, pogoa kabla havijaanza kuchipua. Na ndiyo sababu siwaruhusu watu wangu wapite na mashine ya kukatia ua wa miti juu ya kila kichaka vikawa maboksi yote. Hiyo inapendeza kwa mbali, lakini maua uyasahau.

Wanaotaka kuingia kazi hii: anza na mashine ndogo, pata vyeti vya msumeno na vya dawa kama nchi uliyopo inavidai, na jifunze majina ya Kilatini ya mimea. Timu yangu ina lugha nyingi mno, hayo majina ndiyo yanayotukutanisha. Video ijayo nitawaonyesha jinsi ya kukata tawi kubwa kwa mikato mitatu bila kuchana gome. Kama una mti ulioutolea macho wiki hii, naomba usiuguse kabla hujaiona.