Chensoo Ikifunguliwa Pumzi

Habari za jioni. Mwenyekiti kanisifia kuliko ninavyostahili, basi niingie kazini kabla hamjanijua vizuri.

Huko Marekani wapo watu ambao chensoo kwao ni mchezo. Mtu ananunua Husqvarna 372XP, injini ya sentimita za ujazo 70.7, anaifungua ingali mpya na kuichonga silinda, kisha anashindana na wenzake kupasua gogo. Kwenye mashindano ya Stihl Timbersports, yaliyoanza mwaka 1985, kuna kipengele cha Hot Saw, ambacho mashine zake hufungwa injini kubwa kama zile za vyombo vya kutembelea thelujini. Mshindani hukata vipande vitatu: kushuka, kupanda, kushuka tena. Walio wazuri humaliza chini ya sekunde saba. Mkata miti wa Mafinga, anayejua bei ya petroli, atauliza hawa wana akili timamu? Wanazo, ila wana na pesa.

Sasa, nguvu wanayoitafuta inatoka wapi? Nyingi ilikuwamo tangu kiwandani. Kiwanda kimeibana ili mashine isipige kelele mno, moshi upite kwenye vipimo vya sheria, na injini idumu hata mikononi mwa mtu asiyeisafishia chujio. Ndiyo maana wengi huanza na ekzosi. Tundu lake likipanuliwa kidogo, moshi unatoka upesi na mchanganyiko mpya wa hewa na petroli unapata nafasi. Lakini hewa ikiongezeka na kabureta ikabaki ilivyokuwa, mafuta yanakuwa haba, na kwenye injini hizi oili imo ndani ya petroli. Mafuta haba maana yake oili haba. Pistoni inachubuka, injini inanoki, mchezo umekwisha.

Kwa hiyo wazoefu hurekebisha kwa sikio. Ukivuta mafuta yote mnyororo ukiwa hewani, injini inatakiwa iwe kama inagugumia, sauti ikatekate. Ukiizamisha kwenye mti, ile sauti inanyooka. Ikilia laini na kali ikiwa hewani, fungua skrubu ya mafuta haraka. Kwa mizunguko 13,500 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 225 kila sekunde, haisubiri ufikirie.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda mimi. Unachukua solda, ule waya laini wa mafundi redio, unaupenyeza kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, halafu unazungusha kranki polepole kwa mkono. Pistoni inaubana waya dhidi ya kichwa cha silinda. Unautoa, unapima unene pale palipobanwa: ndiyo nafasi inayobaki kati ya pistoni na kichwa. Ukikuta milimita moja, kuna mgandamizo unaopotea bure. Wengi hulenga karibu na nusu milimita. Njia rahisi ni kutoa gasketi ya chini ya silinda. Hapo silinda inashuka, na tundu la moshi lililo ukutani mwake linashuka nayo, kwa hiyo pistoni inachelewa kulifungua. Umepata mgandamizo, umepoteza pumzi. Ndipo tupa na kijiwe cha kusagia vinapoingia, kulirudisha tundu mahali pake.

Hapa tamaa huua silinda nyingi. Ukilipanua mno kwa upana, ringi ya pistoni inachungulia nje inapopita na kunasa ukingoni. Ukiacha ukingo mkali bila kuusugua, itanasa vilevile. Na ule utando mgumu ndani ya silinda ukishabanduka haurudi kwa msasa.

Sheria za Marekani kuhusu moshi hazipendi mambo haya, na jirani wa Jumapili asubuhi hayapendi zaidi.

Pale mezani kuna silinda mbili, moja ya kiwandani, nyingine imechongwa. Ingizeni kidole kwenye tundu la moshi mlinganishe, ndipo tuje kwenye maswali. Anayetaka kuwasha ile iliyoko nje, avae kwanza miwani, vizibo vya masikio na suruali ya kinga.