Richard wa Pili kwa Kiswahili: Mtuambie Kwanza Mmetafsiri Chapa Ipi

Maisha ya Shakespeare leo naruka, mnayajua, na wale wa kuuliza kama aliandika mwenyewe au aliandikiwa wanisamehe, tutakesha hapa. Nataka kuongelea Richard wa Pili, na narudia kitu ambacho wengine mmeshanisikia nakisema mara nyingi tu: mtu akitaka kututolea tafsiri ya kitaalamu ya tamthilia hii, cha kwanza kabisa atuambie katafsiri kutoka chapa ipi. Kuandika "Shakespeare" kwenye jalada haitoshi.

Kwa nini nakomaa hivi? Richard alitawala Uingereza kuanzia 1377 hadi 1399, akavuliwa ufalme na Henry Bolingbroke, mtoto wa baba yake mdogo. Tamthilia iliandikwa karibu 1595, ikachapwa 1597. Sasa ichukue hiyo chapa ya 1597, nenda kitendo cha nne, pale bungeni. Bolingbroke anatangaza siku ya kutawazwa, wanaondoka, anabaki abati wa Westminster, yaani mkuu wa watawa wa pale, anasema hapa tumeshuhudia tukio la huzuni. Huzuni ipi jamani? Mfalme mwenyewe hata hajaingia stejini! Unarudi nyuma kurasa mbili unatafuta hiyo huzuni huioni. Mpaka ushike chapa ya 1608 ndo unaelewa, maana pale katikati kuna mistari kama 160 hivi, Richard analetwa, analishika taji upande mmoja na Bolingbroke analishika upande wa pili, anasema taji hili ni kisima chenye ndoo mbili, wewe uko juu mtupu na mimi niko chini nimejaa machozi, halafu anaagiza kioo, anajitazama, anashangaa uso bado hauna makunyanzi ya kutosha kwa mateso aliyoyapata, anakibamiza chini kinapasuka vipande. Huo ndo moyo wa tamthilia, na hiyo ndo huzuni ya abati.

Malkia Elizabeth alikuwa hai mpaka 1603, na kipindi chake chote onesho hilo halikuchapwa. Wataalamu wanabishana, wapo wanaosema liliongezwa baadaye. Mimi nasimama na wanaosema lilikatwa, maana kuonyesha mfalme anavuliwa taji ilikuwa hatari, na shahidi wangu ni huyohuyo abati, maneno yake yalisahaulika pale baada ya kisu kupita.

Na msiniambie ah, mchezo tu huo. Jumamosi ya tarehe 7 Februari 1601 wafuasi wa Essex, yule mtukufu aliyekuwa anapanga kumwasi malkia, walikwenda kwa kundi la waigizaji la Shakespeare wakataka waigiziwe kuvuliwa na kuuawa kwa Richard wa Pili. Waigizaji wakagoma kwanza, wakasema mchezo wa zamani huo, watu hawatakuja, wakaongezewa shilingi 40, wakacheza. Kesho yake Essex akaingia mitaani London na watu wake, mji haukumfuata. Augustine Phillips, mmoja wa waigizaji, ikabidi ahojiwe aeleze ilikuwaje. Kundi liliachiwa, tarehe 24 likaigiza mbele ya malkia, na tarehe 25 Essex akakatwa kichwa. Watu walihojiwa kwa ajili ya tamthilia hii, halafu sisi leo tuitafsiri kutoka kopi yoyote iliyodondoka kwenye intaneti?

Najua kuna anayesema mwanafunzi wa fomu foo hana haja na mambo ya chapa, anataka stori. Sawa, ila ukimpa ya 1597 bila maelezo, huyo mwanafunzi ndiye atakayeinua mkono aulize abati analia nini, na mwalimu hatakuwa na jibu. Kumuonyesha onesho lile liko wapi na lilikosekana lini haimchoshi, ndo stori yenyewe hiyo! Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare 1963, na 1969 akatoa tena toleo alilolipitia upya, na hapo ni rais wa nchi, ana kazi zote zile. Kwa hiyo habari ya muda hautoshi mimi siipokei.

Muda umeniishia, haya mengine mbiombio. Tamthilia yote hii ni ushairi, mpaka mtunza bustani anaongea kwa mizani, kwa hiyo anayetaka kutuletea nathari afikirie mara mbili. Maelezo yakae chini ya ukurasa husika, msiyafungie mwisho wa kitabu. Na majina! Bolingbroke ni Hereford, baadaye ni Lancaster, hayo ni majina ya vyeo vyake, baadaye ni Mfalme Henry, ni mtu mmoja huyo. Akirudi kutoka uhamishoni, bwana Berkeley aliyetumwa kwake anamwita Hereford, naye anamjibu kwamba yeye anaitikia Lancaster tu, kwa sababu hiyo Lancaster ni urithi wa baba yake ambao Richard alishaunyang'anya ili agharamie vita vya Ireland, na kwa ajili yake ndo anadai amerudi. Hapo pasipowekwa maelezo msomaji atadhani wanasalimiana.